Kura ya Kuwafukuza Kanga

Sogeeni niwaambie yaliyotokea bandani kwa kuku. Kuku walikuwa wanaishi na kanga, na kanga mnawajua kwa makelele: akipita hata panya, hakuna anayelala. Jogoo, mwenyekiti wa banda, akasema, "Tupige kura waondoke. Kicheche akija, nitamtoboa macho mimi mwenyewe!" Mama Tetea, mwenye vifaranga, akapanga mstari nyuma ya Jogoo pamoja na wenzake, na kanga wakafukuzwa, wakahamia mtini.

Kulipokucha, kicheche kashaingia kimya kimya, kabeba kifaranga wa Tetea. Mama wa watu akatoka mbio, vifaranga nyuma yake, kumtafuta Jogoo. Akamkuta juu ya mti, kajibanza katikati ya kanga, anagombana na jogoo mwenzake, Kuchi.

"Baba, unafanya nini huko?"

"Huku ndiko salama, mama. Ila huyu Kuchi anataka uenyekiti wangu. Eti kura ile ilituponza, na kosa ni langu!"

"Si lako?" Kuchi akadakia. "Mama, ita wenzio mpange mstari hapo chini, mnichague mimi."

Tetea akawafunika kwa mbawa vifaranga waliobaki.

"Chaguaneni wenyewe huko juu," akasema. "Mimi huku chini sijaachiwa hata unyoya wa kuzika."