Mzee Salama Anafuta Meza

Mzee Salama alipochukua kitambaa na kuanza kufuta meza, wote waliokuwa sebuleni kwa Mama Denis wakajua kuna mtu anakufa.

"Haya, ameshaanza," alisema Nikodemo, akaweka kikombe chake cha chai chini. "Na meza yenyewe haina hata vumbi!"

Kwenye runinga, Mzee Salama hakukunja uso wala kupaza sauti. Tangu tamthilia ianze hajapaza sauti hata mara moja. Alifuta meza taratibu kutoka pembeni kuja katikati, akakunja kitambaa, akakikunja tena, akakiweka kando. Kisha akamtazama yule kijana aliyemwibia mzigo, akamwambia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga:

"Kaa hapo, mwanangu mzuri. Hebu tuelewane, mimi na wewe."

Kijana akaketi. Alikuwa analia kabla hajaguswa.

Loisi, jirani wa nyumba ya pili, alijifunika macho kwa kanga. "Heri angefoka tu, jamani! Mama Denis, hivi mwanao haya mambo kayatoa wapi?"

"Yanasomewa hayo, mwenzangu. Wewe unadhani ni mchezo?"

Mama Denis alisema hivyo huku shingo imenyooka kwa fahari. Mzee Salama alikuwa Denis wake, wamempaka mvi na kumbandika ndevu. Tangu aanze kuonekana kwenye tivii, nyumba ya mama yake pale Hombolo ilikuwa inapata watu kila Jumapili baada ya kanisa, saa ya marudio. Alikuwa anawakaangia karanga, anawachemshia chai ya tangawizi, anawapangia viti. Wakishaondoka, nyumba ilikuwa inabaki yeye na kuku wake mpaka Jumapili nyingine.

Denis mwenyewe anakaa Nzuguni. Kutoka Nzuguni hadi Hombolo si safari ya mtu kuaga. Lakini Erica, binti wa Denis na mjukuu wa Mama Denis, ameshaanza darasa la kwanza, na hajawahi kulala chini ya paa hili hata siku moja.

"Mimi najiuliza," Nikodemo aliendelea, akitafuna karanga. "Mtu anakuwaje vile? Mlevi si mlevi, fukara si fukara. Huo moyo unatoka wapi?"

"Malezi," alisema Mama Denis. "Huyo Salama alipigwa sana utotoni, ndivyo ninavyomwona mimi. Mtoto ukimchapachapa, ubaya unamwingia na kukaa. Mimi Denis sikuwahi kumgusa hata kwa kijiti. Akikosea namwita ndani, naongea naye taratibu, yamekwisha. Alikuwa anasimama pale, hapo karibu na mlango, kama askari! Mikono imenyooka. Hata inzi akimtua usoni hamfukuzi. Wa siku hizi mnao wa namna hiyo?"

"Wa kwangu? Wangu ukimwita anakuuliza una shida gani," alisema Nikodemo, akacheka peke yake.

"Alikuwa kimya sana yule mtoto," Loisi alisema. Alikuwa anatazama karanga kwenye kiganja chake, na hakuzila.

Siku hiyo Mama Denis hakuwazuia wageni wake walipoaga. Alikuwa na wageni wengine. Denis alikuwa ameahidi kumleta Erica aje kuchuma zabibu, halafu mtoto abaki kwa bibi wiki nzima ya likizo. Jogoo mwekundu alikuwa ameshaingia sufuriani. Unga wa uwele ulikuwa umechekechwa, mlenda upo tayari. Kitanda kidogo, kile alicholalia Denis, kilikuwa kimetandikwa shuka jipya lenye maua, na juu ya mto alikuwa ameweka kichala cha zabibu, cha kwanza kuiva.

Simu ililia, ile ya picha. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai kama alivyofundishwa, na Erica akatokea, hana meno mawili ya mbele.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mama yangu! Mko njiani? Mmefika Ihumwa?"

Mtoto akageuka kumtazama baba yake, ambaye alikuwa ameketi nyuma yake kwenye kochi.

"Mama, samahani," alisema Denis. "Leo hatutaweza. Kuna kazi imeingia."

"Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho."

"Kesho... tutaona, mama. Labda likizo nyingine."

Harufu ya jogoo ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mama Denis alitazama mlango wa chumba, akaona pindo la lile shuka la maua. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watoto, wala hakuwa mtu wa kufoka.

Akavuta kitambaa kilichokuwa begani. Akakipitisha juu ya meza mbele ya simu, kutoka pembeni kuja katikati. Akakikunja, akakikunja tena, akakiweka kando.

"Denis, mwanangu mzuri," alisema kwa upole. "Hebu tuelewane, mimi na wewe."

Erica alipiga makofi kwa furaha. "Baba! Baba, tazama! Bibi anamwigiza Mzee Salama! Anaweza kukushinda!"

Akageuka ili wacheke pamoja. Baba yake hakuwa tena kwenye kochi. Alikuwa amesimama wima karibu na mlango, mikono imenyooka, na kicheko cha mtoto kikakatika.

"Baba," alisema Erica. "Una inzi usoni."