Jibu la Kishikizo

Majimoto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa nyumba, walikuwa wakijenga juu ya mkarafuu. Mvua ilikaribia, na mayai yao yalikuwa wazi. Mmoja wao, Kishikizo, aling'ata jani moja, akakumbatia la pili kwa miguu ya nyuma, akatulia.

"Shoga, sisi tunashona, wewe umeanikwa kama kanga!" alicheka fundi Mwanasindano. "Kazi yako nini hasa? Mbona hujibu?"

Masimango yakamshinda Kishikizo, akafungua kinywa. "Kazi yangu..."

Majani yakaachana, uzi ukakatika, mayai yakaanza kubingirika. Mwanasindano akarukia ukingo wa jani, yeye na Kishikizo wakaung'ata, wenzao wakashona upya.

Mvua iliyakuta mayai ndani. Hapo ndipo Mwanasindano, taya zikimuuma, alipopata kinywa cha kuombea radhi.