Gari la Bi Sikudhani

Stata ilizunguka vizuri, lakini injini ya gari kuukuu la Bi Sikudhani haikuwaka. Fundi Mshana alikagua petroli, ipo. Akachomoa plagi, moto upo.

"Mama, umeliambia unakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu, Zubeda. Kajifungua."

Fundi akainamisha macho. Siku hizi gari haliwaki mpaka mwenyeji wako akubali kukupokea. Magari mapya hukwambia waziwazi kwamba umekataliwa. Haya ya zamani huzungusha stata tu.

"Hebu liambie sokoni. Soko halikatai mtu."

Akaliambia. Likawaka papo hapo.

"Kumbe zima," alisema Bi Sikudhani, akaendesha kweli hadi sokoni, chupa ya uji wa mzazi imefungwa mkanda kando yake, bado ya moto.