Vipimo vya Nguo za Idi

Fundi Mbaraka aliingia kwenye yadi ya magari futi yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Hakutazama gari jingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile jekundu la spoti, la milango miwili.

"Hilo ni la vijana, fundi," muuzaji alimwambia. "Watoto huna?"

"Ninao wawili, wako kwa mama yao. Nataka wakisikia muungurumo wake tu, watoke nje mbio."

Akafungua daftari lake la wateja, ukurasa wa wanawe. Nasra, nyonga hadi goti, inchi kumi na tano. Shaabani, kumi na tatu. Akajipenyeza nyuma ya kiti cha dereva, akapima nafasi ya miguu taratibu, kama anayempima bwana harusi.

"Wanaenea!" alisema akicheka. "Na inchi moja inabaki."

Muuzaji alichungulia daftari. Wino ulikuwa umefifia.

"Hivi vipimo ni vya lini?"

"Vya nguo za Idi."

"Idi iliyopita?"

Mbaraka akafunga daftari, akatoka garini.

"Sasa hivi urefu wao umefika wapi?" muuzaji aliuliza kwa upole.

Mbaraka aliinua mkono kuonyesha kimo cha Nasra. Akausimamisha usawa wa kifua. Akaupandisha hadi begani, akaushusha kidogo, akaupandisha tena, na mkono ukabaki hewani, haujui pa kutua.