Bia ya Merveille

Kabla mhudumu hajafika mezani, Papa alizifunika kwa kitambaa cha karatasi funguo za gari zilizokuwa mbele ya Merveille. Merveille aliona, akatazama pembeni.

"Mimi soda ya machungwa," Papa alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Na bia kwa binti yangu. Ile nyeusi."

Mhudumu, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, alimtazama msichana. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Ni mtoto wangu wa kwanza. Nataka ajifunze mbele ya macho yangu, asifundishwe na watu wa huko nje."

"Laiti wazazi wote wangekuwa hivyo," mhudumu alisema, akaandika.

Ng'ambo ya mto, Minnesota wanakoishi, jambo hilo ni marufuku. Lakini hapa Wisconsin, mzazi akikaa meza moja na mwanawe, mgahawa unaweza kumpa mtoto kinywaji. Papa alilisikia kazini, Eden Prairie. Wiki ile ile Merveille alipopata leseni ya udereva, Papa akasema waende kusherehekea. Tangu hapo ni miezi miwili, na hawajakosa Jumamosi hata moja. Maman akishaingia zamu yake ya mchana kwenye nyumba ya wazee, wao wawili huondoka nyumbani kwao, mji wa Crystal, hupita Saint Paul, huvuka daraja.

Merveille alijiona mwizi. Asubuhi hiyo Maman alikuwa amemsuka nywele kwa ajili ya kwaya, akamwuliza, "Wewe na Papa mutakula nini leo?"

"Kuku tu, Maman."

Uongo ulikuwa umeanza kumtoka bila shida, na hilo ndilo lililomtisha. Maana Maman alishasema mbele yao wote: "Siku pombe itarudia mu hii nyumba, nabeba watoto, naenda kwa Ernestine." Ernestine ni dada yake, yuko Iowa, na Maman si mtu wa kutisha watu bure.

Kanisani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka jana Papa alisimama mbele ya waumini, akainua mkono, akaapa kwamba hakuna mtu atakayemsikia tena akijiagizia pombe. Watu walilia. Merveille aliimba siku hiyo mpaka sauti ikamkauka. Sasa kila Jumapili anasimama safu ya mbele, Mchungaji Zachariah anamsifu mbele ya mabinti wenzake, naye anatamani sakafu immeze.

Angeweza kukataa. Alishajiambia mara nyingi kwamba Jumamosi ijayo atakataa. Tatizo ni kwamba alizipenda Jumamosi hizi. Nyumbani Papa alikuwa mtu wa kutoka kazini, kula na kulala. Hapa, chakula kikifika katikati, alisimulia habari za kwao Uvira, Kongo, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akamwita "rafiki yangu". Ni mtoto gani angetaka kumpoteza baba huyo?

Mhudumu alirudi. Aliweka soda mbele ya Papa, kisha bilauri ndefu yenye povu mbele ya Merveille.

"Haya, binti. Kunywa taratibu."

"Asante," Merveille alisema bila kuinua macho.

Alisubiri mpaka mlango wa jikoni ukafungwa. Akaisukuma bilauri hadi upande wa pili wa meza. Papa aliimaliza kwa mafunda matatu, akaipangusa midomo, akairudisha tupu mbele ya binti yake.

"Rafiki yangu," alinong'ona, "muite. Sema uko bado na kiu."