Mikato Miwili Kichwani

"Haki ya nani, safari hii ni kweli tupu," Mzee Chumvi aliapa uani, hata viatu hajavua. "Nikikutwa na uongo, nifue nepi mwezi mzima."

Mkewe akaguna. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Hata paka alikuwa mtu mzima.

Lakini aliyetakiwa kuamini si mkewe. Ni mkwewe, mke wa mwanawe, mwalimu wa sayansi. Tangu aolewe humo hakuwahi kumeza hata punje ya chumvi ya mzee. Mzee akisimulia mamba aliyeingia ofisini, yeye huuliza kwa upole, "Baba, alipitia mlango upi?" Hadithi inakata roho hapo hapo. Mzee alikuwa amebakiwa na haja moja duniani: binti yule amwamini, japo mara moja, kabla hajazikwa.

Na mkwe huyohuyo ndiye aliyemsukuma hospitali, baada ya kuona mkono wake wa kulia unamwaga chai.

"Wamenidunga dawa ya nyuklia," mzee akaanza. "Ikapanda mpaka ubongoni. Nikalazwa chali, mabamba mawili ya mashine ya picha yakanizunguka kichwa polepole, kama wateja wanaokagua tikiti maji. Kisha daktari akanionyesha picha. Humu ndani zinawaka alama mbili za mkato. Kasema wenye ule ugonjwa wa kutetemeka huonyesha nukta mbili. Mimi ni mkato na mkato. Nikamwambia, basi daktari, hadithi bado inaendelea."

Yote hayo yalikuwa kweli, jambo lililomtisha hata yeye. Alijihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali.

Ilibidi ajistiri. Nesi alikuwa amemwambia anywe maji mengi, aende haja mara kwa mara, na mpaka kesho asikae karibu na watoto wadogo wala wajawazito. "Kwetu mwenye tumbo ni mke wangu tu," alimjibu, "na lile ni la shibe." Masharti makavu mno. Akayaunga.

"Nesi kasema mpaka kesho natoa miale. Anayenikaribia anawaka. Na nisiguse ufagio wala sahani, vyombo visije vikapasuka."

"Njoo basi uniwashe, taa ya jikoni imeungua," mkewe akasema, akamkumbatia.

Ndipo Mzee Chumvi alipoona ajabu. Mkwewe hakuja. Siku zote humpokea mkoba na kumvua koti. Leo alikuwa kasimama ng'ambo ya ua, penye kamba ya nguo. Kikombe cha mzee alikuwa amekiweka juu ya ukuta na kurudi zake nyuma.

Mzee akapiga hatua moja mbele. Mkwewe akapiga moja nyuma. Mzee akaongeza nyingine, mkwe akapotelea nyuma ya shuka zilizoanikwa.

Mzee akamshika mkewe mkono. "Mke wangu, shuhudia mwenyewe," alinong'ona. "Mwalimu kaamini."

"Nimempigia nesi simu ulipokuwa njiani," sauti ikatoka nyuma ya shuka. "Dawa ni kweli. Mikato ni kweli. Ufagio na sahani hakuvitaja kabisa, Baba."

"Njia ya mwongo fupi," mkewe akasema. "Hii haikufika hata mlangoni."

Mzee akakuna kichwa chake chenye mikato. Kisha akakumbuka alichoapia, uso ukamchangamka. Akakunja mikono ya shati kwa mbwembwe.

"Haya, nimeshindwa. Mimi si mtu wa kukimbia kiapo. Leteni hizo nepi nifue."

"Zitakuwa tayari mwezi wa saba," mkwewe akajibu, kichwa tu kikichungulia. "Kwa leo rudi nyuma kidogo, Baba. Utatuwasha wote wawili."