Kidole Kisichosomeka

Mashine ya mlangoni mwa kiwanda ilikikataa tena kidole gumba cha Somoe. Iliwaka taa nyekundu, ikasema kwa sauti tamu ya mtu asiyewahi kubangua korosho hata moja: "Jaribu tena."

"Basi leo hukuja kazini," alisema meneja, Bwana Chilumba, huku akitafuna korosho kutoka kwenye bakuli lake.

"Si huyu nimesimama mbele yako, bosi?"

"Mimi simo, mama. Mashine ndiyo inayoamua, na haina upendeleo."

Somoe alimwonyesha viganja vyake. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yameunguza vidole mpaka vikawa vyeusi, laini, bila alama yoyote. Nyuma yake, wabanguaji wenzake walikuwa wakifuta vidole vyao kwenye kanga.

Bwana Chilumba alikunja pua, akalivuta bakuli mbali na mikono ile.

Somoe akaliwahi. Alichukua korosho moja nyeupe, akaibandika kwenye kioo cha mashine.

"Isome hii, basi. Ngozi yangu imeishia humu."

"Jaribu tena," ilisema mashine.

Meneja alibaki na mdomo umejaa, hajui ameze au ateme.